Kupeana na Kutazama Picha za Mandhari pamoja na Marafiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hujitokeza karibu kila mara marafiki wanapokaa Moshi au Arusha kutazama picha walizopiga mlimani, mtoni na mashambani. Majibu yamekusudiwa mtu anayepiga picha za mandhari kwa mapenzi yake na kuwapelekea wenzake, awe na simu tu au awe na kamera. Wapiga picha wa biashara wana mahitaji mengine ambayo hayakuguswa hapa.

Kwa nini tupelekeane picha za mlima Kilimanjaro, ambao kila mtu wa Moshi anauona?

Si kweli kwamba kila mtu anauona. Mtu anaweza kukaa Moshi wiki nzima, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, akitazama kaskazini asione kitu ila wingu la kijivu lililotanda juu ya migomba, ilhali ndugu yake aliyeko Sanya Juu anauona mlima uleule ukiwa wazi kabisa. Aidha, mlima hauna sura moja. Kwa mtu aliyesimama Moshi mjini, Kibo, kilele kikuu cha mlima, iko kaskazini moja kwa moja, umbali wa kilomita zipatazo 30. Kwa aliye Marangu au Rombo, Mawenzi hujitokeza na kilele chake kilichochongoka kama meno ya msumeno. Na kwa aliye Arusha, mlima ni umbo la mbali upande wa mashariki, ambalo siku nyingi hufichwa na vumbi na ukungu. Kwa hiyo picha ya rafiki inakuonyesha upande ambao wewe huwezi kuuona kutoka mlangoni kwako.

Ipo pia sababu ya kihistoria ambayo hupenda kuzungumzwa mezani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo na kuandika habari zake, lakini huko London mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Rebmann hakuwa na picha, alikuwa na maneno tu, na ubishi huo ulichukua miaka. Wachaga waliokuwa wakiishi chini ya theluji hiyo hawakuulizwa na mtu yeyote. Ilipofika mwaka 1930, rubani Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kibo na kuipiga picha kutoka angani, na hapo hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga Afrika angeweza kuiona.

Ni saa ngapi, na ni mwezi gani, mlima unapigika vizuri?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa kuwa picha nyingi zinazosikitisha hazina tatizo la kamera bali la saa.

Kwa upande wa saa, kanuni ni kuamka mapema. Jua huchomoza Moshi karibu saa 12:30 asubuhi mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kwa dakika zisizozidi 25 kulingana na mwezi, na nusu saa kabla ya hapo kilele huwa kimeshaanza kubadilika rangi. Jua linapopanda, joto huinua unyevu wa msitu unaouzunguka mlima, unyevu huo hugeuka mawingu, na mara nyingi ifikapo saa 3 au saa 4 asubuhi Kibo huwa imekwisha kujifunika. Jioni ardhi inapopoa mawingu hushuka tena, na kuanzia saa 11 hadi jua linapokuchwa mlima unaweza kujitokeza kwa muda mfupi ukiwa na wekundu wa machweo. Anayetoka nyumbani saa 6 mchana kwenda kuupiga picha mlima anajitafutia matembezi, si picha.

Kwa upande wa miezi, wengi hutaja mvua na kuishia hapo: masika ya Machi hadi Mei yana mawingu mazito, vuli ya Novemba na Desemba ina mawingu ya kupita, na Januari na Februari ndiyo miezi ya anga safi. Hayo ni kweli, lakini lipo jambo la pili ambalo halisemwi sana. Moshi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi tatu na kidogo. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi katikati ya Machi, jua la mchana hupita upande wa kusini, kwa hiyo uso wa mlima tunaouona kutoka mjini huangaziwa sawasawa, na kila bonde na kila ulimi wa barafu huonekana. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua hupita kaskazini, nyuma ya mlima kwa mtazamaji wa Moshi, na uso ule ule huwa nusu kivulini. Ndiyo maana picha ya Julai, hata siku ambayo wingu limeondoka, huonekana bapa na ya rangi ya samawati iliyofifia, na mpigaji hulaumu simu yake bure.

Lipo jambo la ziada kuhusu siku inayofuata mvua kubwa. Mvua huosha vumbi angani, na ikiwa usiku ulikuwa wa baridi, theluji mpya huteremka chini kuliko kawaida. Asubuhi ya namna hiyo inafaa kumwamsha rafiki kwa simu, hata kama atanung'unika.

Je, ni lazima niwe na kamera ya gharama?

Hapana. Simu ya kawaida inatosha kwa mandhari pana yenye mwanga mzuri. Jambo la kuepuka ni kuvuta picha karibu kwa vidole kwenye kioo, kwa sababu katika simu nyingi kufanya hivyo hakuleti mlima karibu. Hukata tu sehemu ya picha na kuitanua. Futa lenzi kwa kitambaa laini, shikilia simu kwa mikono miwili, na weka kitu cha karibu ndani ya picha, kama vile mgomba, uzio wa masale (mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani) au paa la nyumba, ili mtazamaji apate kupima ukubwa wa kilicho nyuma.

Mlima ukijificha, niende wapi?

Mlima una tabia ya kuwasahaulisha watu kila kitu kingine, na pengine ni heri kwamba hujifunika. Pembezoni mwa Moshi upo msitu wa Rau, unaotegemea maji ya chini ya ardhi na wenye miti adimu iitwayo misoo. Humo mwanga hupenya kwa vipande, na siku ya mawingu ndiyo nzuri zaidi kwa sababu vivuli huwa laini. Maporomoko ya Materuni huko Uru hupigwa vizuri siku kama hizo pia, kwa kuwa jua kali hugeuza maji kuwa doa jeupe lisilo na umbo. Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, ina maji ya kijani kibichi chini ya mizizi ya mikuyu. Nenda siku ya kazi, kwani Jumapili utapiga picha za waogeleaji. Ziwa Chala, lililo ndani ya kreta mpakani mwa Tanzania na Kenya, hulishwa kwa sehemu kubwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, na rangi yake hubadilika kuanzia buluu hadi kijani kadiri jua linavyosogea.

Walio Arusha wana Ziwa Duluti karibu na Tengeru, nalo pia la kreta, lenye msitu mdogo unaolizunguka. Wana pia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo kwa maoni ya mwandishi haithaminiwi ipasavyo kwa sababu imezungukwa na majina makubwa. Maziwa ya Momella yana magadi, kila moja lina rangi yake kutokana na mimea midogo sana inayoota majini, na heroe wanapokuwapo, ukingo wa ziwa huonekana kama umepakwa rangi ya waridi. Mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe hukaa juu ya miti bila haraka, jambo ambalo ni zawadi kwa mwenye simu. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, hufunika upande mmoja wa anga, na siku njema Kilimanjaro huonekana upande wa pili.

Usisahau vilevile vitu vidogo. Mijakaranda inapochanua mnamo Oktoba na Novemba, barabara za miji yote miwili hufunikwa na maua ya zambarau. Ndani ya msitu wa Kilimanjaro huota ua dogo jekundu lenye manjano, Impatiens kilimanjari, ambalo haliko mahali pengine popote duniani. Wapandaji wengi hulipita wakiwa na macho yao kileleni.

Nitume picha ngapi kwa mara moja?

Tatu zinatosha, na moja ni bora zaidi. Mtu aliyetumiwa picha 40 za safari moja hazitazami. Anazipitisha kwa kidole na kuandika "safi sana" kwa wote wawili, wewe na bando lake lililokwisha. Kuchagua ni sehemu ya kupiga picha, nayo ni sehemu ngumu, kwa kuwa unalazimika kuiacha picha uliyoihangaikia kwa sababu tu haikutoka vizuri. Chema chajiuza, walisema wahenga. Ukishindwa kuchagua, mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani picha zote, kisha uangalie ni ipi inayomfanya asimame.

Angalia pia mahali unapotuma. Makundi ya ukoo katika simu zetu ndiyo yanayobeba habari za misiba, vikao vya harusi na michango. Picha ya maporomoko iliyoingia katikati ya salamu za pole ni utovu wa adabu hata kama mtumaji hakuwa na nia mbaya. Soma kwanza yaliyoandikwa juu, ndipo utume.

Kwa nini picha yangu ilikuwa kali kwenye simu yangu lakini kwa rafiki imefifia?

Kwa sababu WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili isafiri upesi na kwa data kidogo, na katika kupunguza huko majani ya mbali na kingo za barafu ndivyo vinavyoumia kwanza. Dawa yake ni kuchagua ubora wa juu kabla ya kutuma, au kuituma picha kama hati badala ya picha, ambapo hufika kama ilivyo. Kuna tahadhari moja: picha iliyotumwa kama hati hubeba pia taarifa zilizomo ndani yake, ikiwemo sehemu ilipopigwa, endapo simu yako iliruhusiwa kuihifadhi. Ukiwa umepigia picha nyumbani kwa mtu, fikiria hilo. Picha kwenye status hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo hapo si mahali pa kuweka kitu unachotaka watu wakijadili.

Niandike nini chini ya picha?

Andika mahali, tarehe, saa na upande uliokuwa unautazama. Maneno kama "uumbaji wa Mungu" ni ya kweli, lakini hayamwambii rafiki aende lini ili naye akaone. "Kibo kutoka Uru, Jumamosi tarehe 14, saa 12:45 asubuhi, baada ya mvua ya usiku" ni maelezo ambayo yatakuwa na thamani hata baada ya miaka 30.

Thamani hiyo si ya kufikirika. Kwa kulinganisha ramani na picha za zamani na za sasa, wanasayansi walikadiria kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85. Picha isiyo na tarehe haiwezi kutumika katika ulinganisho wa namna hiyo, hata ingekuwa nzuri kiasi gani. Picha ya kawaida, iliyopigwa kutoka mlango uleule kila Januari na kuandikwa tarehe yake, inaweza.

Nimsifu vipi mwenzangu, zaidi ya kusema "nzuri sana"?

Sifa yenye uzito hutaja kitu. Badala ya kumwekea moyo mwekundu na kuendelea, mwambie: "Nimependa ulivyouacha ule mgomba upande wa kushoto, umenifanya nione mlima ulivyo mbali." Au muulize swali: alikuwa amesimama wapi, alisubiri muda gani, ule moshi ulikuwa wa nini. Mtu aliyeamka saa 11 alfajiri kwa ajili ya picha hufurahi zaidi kuulizwa kuliko kupongezwa, kwa sababu swali ni ushahidi kwamba umetazama.

Kutazama kwenyewe kunataka muda. Marafiki wanapokutana ana kwa ana, kwa chai au kwa ndizi nyama ya Jumapili, inafaa picha moja izunguke mezani hadi kila mtu aseme alichokiona, kabla ya kwenda kwenye picha nyingine. Mara nyingi mtu ambaye hapigi picha kabisa ndiye anayeona zaidi. Mkulima atakwambia kahawa ile inahitaji kukatwa matawi, au kwamba mfereji ule ulichimbwa na babu zake. Nawe ulidhani umepiga picha ya kijani tu.

Na nikiona kasoro, niseme?

Sema ukiulizwa, na useme faraghani. Kwa rika lako unaweza kusema wazi kwamba mstari wa upeo umelala au kwamba anga imechukua nafasi kubwa mno. Kwa mtu aliyekuzidi umri, adabu haibadiliki kwa sababu mnazungumzia picha: "Shikamoo mzee, naomba kuuliza, kama ungesogea kidogo upande wa kulia, ule waya wa umeme usingetoka?" Atakuelewa, na huenda akakucheka.

Je, kuongeza rangi kwa filta ni udanganyifu?

Inategemea unachodai. Kunyoosha picha iliyolala, kuongeza mwanga kidogo kwenye vivuli, au kupunguza utando wa vumbi ni kuirudisha picha karibu na kile jicho lilichokiona, na hakuna anayedhulumiwa. Kuleta theluji mahali ambapo haikuwapo, au kupandikiza mwezi mkubwa juu ya Mawenzi, ni jambo jingine. Lifanye ukitaka, ila uwaambie wenzako. Hali kadhalika picha zinazotengenezwa na akili mnemba: siku hizi zinasambaa zikionyesha twiga wamesimama kwenye theluji ya Kibo, na mtu wa Moshi anayezisambaza bila neno huwapotosha wale wanaomwamini kwa kuwa ni mwenyeji.

Nifanye nini watu wanapoingia kwenye picha, au njia inapopita kihambani kwa mtu?

Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, ni nyumbani. Njia nyingi za kwenda kwenye maporomoko hupita katikati ya migomba na kahawa za watu, na mara nyingine kando ya makaburi ya ukoo, ambayo hayapigwi picha bila ruhusa hata kama yamezungukwa na masale mazuri. Piga hodi, salimia, jitambulishe, eleza unachotaka, na ukubali ukikataliwa. Kwa Wamaasai wanaochunga ng'ombe kandokando ya barabara ya Arusha utaratibu ni uleule: mtu si sehemu ya mandhari. Ukimpiga picha mtu kwa ridhaa yake, mtumie nakala. Ahadi za picha ambazo hazikutimizwa ndizo zilizofanya vijiji vingine vichoke na wenye kamera. Zaidi ya adabu, ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu si jambo la kuchezea, hasa ikiwa ni ya mtoto.

Niseme kila mara nilipopigia picha?

Kwa ziwa, barabara au kilele, ndiyo. Kwa kiota, kwa mnyama anayewindwa na majangili, au kwa mmea adimu unaoweza kung'olewa, taja wilaya au hifadhi tu.

Mtu akitumia picha yangu kwenye tangazo lake la utalii bila kuniuliza?

Picha ni mali ya aliyeipiga, naye hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 bila kulazimika kuandika jina lake juu ya picha. Anza kwa ujumbe wa heshima unaoomba picha iondolewe, jina litajwe au malipo yafanyike. Hifadhi picha halisi yenye tarehe, na upige picha ya skrini ya tangazo kabla halijafutwa. Shauri likishindikana, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, ndiyo mahali pa kuanzia. Kanuni hiyohiyo inakuhusu wewe unaposambaza picha ya rafiki: taja jina lake, na usiitoe nje ya kundi kabla ya kumuuliza.

Naweza kurusha droni mlimani?

Ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi bila kibali, na nje yake droni inahitaji vibali vyake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikiwa miongoni mwa wahusika. Kwa ajili ya picha za kupelekeana na marafiki, usumbufu huo haulipi.

Tufanyeje kwa wazazi wasiotumia simu janja?

Chapeni. Studio za picha bado zipo mjini, na picha iliyo mkononi hutazamwa kwa muda mrefu kuliko iliyo kwenye kioo. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa 3,000 inaweza kuchapwa kwa ubora mzuri hadi upana wa sentimita 34 hivi, lakini ile iliyopita WhatsApp ikapunguzwa haivuki kwa kawaida ukubwa wa postikadi kabla haijaanza kuchakaa. Kwa hiyo mpelekee mwenye studio faili halisi, kwa flashi au kwa baruapepe. Nyuma ya picha andika maelezo kwa penseli, kwa maana wino wa kalamu unaweza kupenya hadi upande wa mbele.

Picha za zamani zilizo kwenye albamu za nyumbani zinafaa kuletwa?

Zinafaa sana, na pengine ndizo zinazoketisha watu kwa muda mrefu kuliko zote. Picha ya ubatizo au ya harusi iliyopigwa uwanjani miaka ya 1960 au 1970 inaweza kuwa na Kibo nyuma ya mabega ya watu, ikiwa na barafu pana kuliko ya leo, wala hakuna aliyeiangalia barafu hiyo wakati ule kwa sababu wote walikuwa wakimtazama bibi harusi. Usiivute picha iliyogandamana na albamu. Ipige palepale ilipo, kando ya dirisha lenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na karatasi, taa ya simu ikiwa imezimwa. Kisha kaa na mwenye albamu, umuulize majina ya waliosimama, kijiji na mwaka, uyaandike siku hiyohiyo. Akikuruhusu kuwaonyesha wengine, waonyeshe. Akisema picha ibaki nyumbani, ibaki.